Mdogo wangu, usichore hiyo tatoo bado

Mdogo wangu huko Toronto, meseji yako niliisoma kwa matatu nikacheka mpaka makanga akaniangalia. Ati umepata kwa intaneti nembo ya familia ya Musyoka, simba na ngao, na unataka ichorwe mkononi. Ngoja kwanza.

Musyoka ni aliyerudi. Kusyoka ni kurudi, hiyo hata wewe na Kikamba chako cha kuombea maji unaijua. Lakini si jina la ukoo. Ukoo wetu ni Atangwa na haiko kwa kitambulisho cha mtu yeyote nyumbani. Musyoka alikuwa mtu mmoja tu, baba ya babu yetu, akaandikwa kwa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, watoto wake wakaandikwa shule na jina lake nyuma, na ndio sasa sisi wote tunaulizwa kila ofisi kama Kalonzo Musyoka yule mwanasiasa ni anko wetu (huwa sikatai haraka).

Sasa alirudi kutoka wapi? Jumamosi nilipeleka Baba Mkubwa kula nyama Kariokor hapa Nairobi nikamuuliza. Yeye anasema kuna mtoto alikufa kabla yake, huyu akizaliwa wakasema ni yule amerudi. Tukapigia Susu, nyanya yetu, akakataa katakata. Anasema ni baba yake Musyoka ndio alirudi, alichukuliwa ile vita ya 1914 kubebea Waingereza mizigo mpaka kwa Wajerumani, Tanzania ya leo, na wapagazi walikufa huko maelfu kwa maelfu, wengi ni magonjwa na njaa si risasi, kwa hivyo nyumbani walishamlilia wakanyamaza, alafu jioni moja mtu amekonda akaingia bomani, na mtoto aliyefuata akaitwa Musyoka.

Na sisi hapo tunatafuna mbavu Kariokor! Si hiyo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wenyewe wa vita hiyo, kwa mdomo wa watu wetu. Baba Mkubwa amekula hapo miaka yote hajawahi kuunganisha.

Mimi niko na Susu, ndiye aliolewa kwa hiyo boma akampata huyo mzee wa vita mwenyewe akiwa hai.

Na anauliza huyu mtoto wako wa tatu alizaliwa saa ngapi, kwa sababu majina ya mababu mlishamaliza. Asubuhi ni Kioko, usiku Mutuku, kama kulinyesha Wambua. Nikamwambia Toronto ikiwa asubuhi huku ni jioni, akasema anataka ile saa ya huko mtoto alikozaliwa.