Jumamosi: tunaingia Keyhouse

Jambo yenu, bandugu. Jumamosi saa tisa, palepale Kamalondo, hapa Lubumbashi, chini ya mwembe. Tunaanza kusoma Locke & Key, ile BD (hadithi ya michoro) ya nyumba yenye mashetani: vitabu 6 vilivyokusanya hadithi iliyotoka kati ya 2008 na 2013. Mwandishi ni Joe Hill, mchoraji Gabriel Rodríguez wa Chile.

Baba ameuawa; mama na watoto watatu wanahamia Keyhouse, nyumba ya ukoo kule Massachusetts, Marekani. Humo mna funguo za kichawi. Bode, kitinda mimba, anafungua mlango kwa ufunguo mmoja, anavuka kizingiti, na mwili wake unaanguka chini kama gunia huku roho yake ikielea juu inautazama. Mimi niliifunga BD hapo nikaenda kuhakikisha mlango wangu wa jikoni.

Tazameni vyumba vizuri. Rodríguez alisomea usanifu wa majengo, na inaonekana: ngazi zinafika mahali, madirisha yana sababu. Ndiyo maana inatisha. Nyumba isiyojengeka haimtishi mtu.

Tuna nakala moja tu ya kitabu cha kwanza, ya Kifaransa. Inazunguka siku mbili-mbili, tafadhali bila mafuta ya mandazi (ukurasa wa jalada tayari una alama ya kidole, na mwenyewe anajijua). Wasiosoma Kifaransa, nitawatafsiria. Wenye watoto wadogo, muwaache nyumbani, damu ni nyingi. Leteni tochi, umeme mnaujua.