Watoto wafundishwe mianzo imara ya chesi, sio mitego

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee chesi, au sataranji kama wazee wetu wanavyoita, maana vijana mashuleni sasa hivi wanaicheza na kwenye simu ndo usiseme, na mimi nafurahi sana nikiona hivyo. Ila kuna kitu kinaniuma. Mtoto akishajua tu kete zinavyotembea, cha kwanza anachoonyeshwa ni ile chekimeti ya hatua nne, yaani kumkamata mfalme asiwe na pa kukimbilia, malkia anatoka mpaka h5 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), askofu anakuja c4, malkia anakula f7 na gemu imeisha, wenzie wanashangilia. Anawapiga darasa zima kwa hiyo hiyo, alafu anaenda kwenye mashindano anakutana na mtoto wa watu aliyefundishwa vizuri na hapo ndo anakwama kabisa, hana kingine anachojua.

Hebu wekeni ubao muone. Mweusi, yaani mwenye kete nyeusi, anatoa farasi c6 kulinda askari wake wa e5, askofu wa mweupe akija c4 mweusi anasogeza askari g6, malkia inabidi akimbie, akienda f3 kutishia tena f7 mweusi anatoa farasi wa pili f6 na mlango umefungwa. Sasa mweusi ana farasi wawili nje, askofu wake ana nafasi nzuri ya kukaa g7, na yule farasi wa c6 yuko tayari kuruka d4 amfukuze malkia kwa mara nyingine. Mweupe je? Farasi wake hawezi hata kwenda f3 maana malkia wake mwenyewe ndo kakaa hapo.

Mimi ningeomba makocha na walimu waanze na mwanzo wa Kiitaliano, yaani mpangilio wa hatua za kwanza za gemu. Askari e4, mweusi anajibu e5, farasi f3, mweusi farasi c6, askofu c4. Ni wa zamani sana, Mtaliano Gioachino Greco aliuandika kwenye karne ya 17 na mpaka leo magrandimasta, wachezaji wa ngazi ya juu kabisa, wanaucheza. Askofu anaangalia f7 ile ile lakini malkia bado yuko nyumbani salama, alafu unaweka c3, d3, unamhamishia mfalme pembeni nyuma ya ngome, na kila hatua mtoto anaweza kukwambia kwa nini kaicheza. Hilo la kujua kwa nini ndo kubwa kwangu kuliko kushinda.

Akiwa mweusi dhidi ya e4 nampendekezea mwanzo wa kujilinda unaoitwa Caro-Kann, yaani c6 kwanza alafu d5. Jina limetokana na Horatio Caro na Marcus Kann walioichambua miaka ya 1880, na mabingwa wa dunia kama Botvinnik na Karpov waliitegemea. Uzuri wake ni kwamba askofu wa c8 anatoka f5 kabla hujasogeza askari e6, hafungiwi ndani. Ila afundishwe pia kwamba mweupe akimsukuma huyo askofu mpaka g6 kwa farasi alafu akaja na askari h4, lazima mweusi acheze h6 kumpa njia ya kurudi, la sivyo h5 inakuja na askofu anakufa. Dhidi ya d4 inatosha d5, e6 na farasi f6.

Na imara haimaanishi kusinzia jamani. Humo humo kwenye Caro-Kann, baada ya askari kulana pale e4 na farasi wa mweupe kusimama hapo, mweusi akitoa farasi d7, mweupe akaweka malkia e2, mweusi akajitoa tu na farasi wa pili f6 bila kuangalia, farasi wa mweupe anaingia d6 na ni chekimeti! Askari wa e7 hawezi kumla kwa sababu akitoka tu malkia anamwona mfalme.

Najua wengi watasema mwanzo uitwao London ndo rahisi kwa mweupe, d4, askofu f4, e3, c3 basi. Sio mbaya, Ding Liren alimfunga Nepomniachtchi kwa London kwenye gemu ya sita ya fainali ya dunia 2023. Lakini mtoto anayeanza anazoea kupanga kete zile zile bila kutazama mwenzie anafanya nini, kwa hiyo mimi ningeiacha mpaka Kiitaliano kimkae kichwani kwanza.

Ombi langu kwenu mhariri, kwenye kurasa za michezo tupeni hata kona ndogo mara moja kwa wiki, picha moja ya ubao na hatua kama sita za mwanzo zikiwa zimeelezwa kwa Kiswahili. Shule nyingi hazina kocha, ila gazeti linafika.

Mpenzi wa chesi,
Tanga