Bima ilikatika nikiwa mgonjwa, sasa fomu inauliza ugonjwa wenyewe

Ndugu Mshauri, pole na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu wa shule binafsi. Wakala alikuja ofisi ya walimu, nikajiunga na bima ya maisha: shilingi 60,000 kila mwezi, zinakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Wanufaika ni wanangu. Nilikuwa mzima kabisa, na kila swali la fomu ile nililijibu kwa ukweli.

Sonona ilinianza 2022. Ilifika mahali nasimama mbele ya darasa la tano, chaki mkononi, sikumbuki nimekuja kufundisha nini. Daktari akaniandikia mapumziko. Sheria ya kazi inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Nilizimaliza zote. Mkataba wangu wa kazi ulipofika mwisho, haukuongezwa. Mshahara ukakoma, na makato ya bima yakakoma nao.

Watu huniuliza, "Kwani hukuona meseji?" Niliziona zikiingia. Simu niliiweka chini ya godoro, maana kila ikilia moyo ulinienda mbio. Hata ujumbe wa mama yangu mzazi nilishindwa kuufungua. Mtu akilazwa kwa malaria akapitisha tarehe ya kulipa, kila mmoja humwelewa. Mimi nilionekana nina miguu na mikono, kwa hiyo nilionekana mzembe. Barua ya kunijulisha kuwa bima imekatika ilipelekwa sanduku la posta la shule, nikaikuta miezi saba baadaye nilipofuata vyeti vyangu.

Sasa nina nafuu. Nakunywa dawa, siruki kliniki, na jioni nafundisha tuisheni. Nilikwenda ofisi za kampuni, wakanipokea vizuri. Walisema bima inaweza kufufuliwa nikilipa malimbikizo na riba, na nikijaza upya tamko la afya. Wasiporidhika, kwa kuwa nilishachangia miaka ya kutosha, bima itabaki kwa kiasi kidogo bila mimi kuendelea kulipa. Au nivunje mkataba nichukue fedha zilizopo, ambazo ni pungufu sana ya nilizotoa. Nami nilishatoa zaidi ya milioni nne.

Kinachoninyima usingizi ni swali moja la tamko hilo: je, umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Wakala yuleyule, ambaye tunasali naye jumuiya moja, ameniambia, "Dada, andika hapana. Nani atafukua faili lako?" Najua ananitakia mema. Lakini siku nikifa ndiyo siku watakayofukua, na wanangu wataambiwa hawalipwi kwa sababu mama yao alidanganya. Nikiandika ndiyo, nao wanaweza kunikataa au kunipandishia ada. Hapo ndipo panaponiuma: nilipoingia nilikuwa mzima, na makato yasingekoma ugonjwa huu usingewahusu kabisa. Ugonjwa ndio ulionifanya nishindwe kulipa, na huohuo ndio unaonisubiri mlangoni ninapotaka kurudi.

Naomba unisaidie. Barua ya daktari inayoeleza kwamba nafuata matibabu na nimerudi kazini, niiambatanishe, au itazidi kuwatia hofu? Je, naweza kwanza kuwaandikia nikiomba waufikirie ugonjwa kama sababu ya kutolipa, na wakikataa nilifikishe suala hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima? Au niiache ibaki hiyo ndogo, ile 60,000 niiweke kwingine kwa jina la watoto?

Kaka yangu naye anataka taarifa za bima ziwe zinamfikia na yeye, ili nikizidiwa tena kuwe na mtu wa kufungua meseji. Nimekubali kwa moyo wote. Sijui tu ni karatasi gani tusaini ili kampuni imtambue bila yeye kuwa mwenye bima.

Malimbikizo nimeshayapata, kwa mkopo wa kikoba. Fomu nimeihifadhi ndani ya Biblia, nimeijaza yote isipokuwa kisanduku hicho kimoja.

Mama wa wawili,
Morogoro