Mzigo wa barafu kavu usingoje Jumatatu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze uchungu wa boksi moja jeupe.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Nairobi. Tunachunguza namna jicho linavyoumbika mtoto akiwa bado tumboni, na kwa kazi hiyo tuliagiza kutoka ng'ambo protini ya binadamu iitwayo PAX6. Haitolewi mwilini mwa mtu. Jeni ya binadamu hupandikizwa ndani ya bakteria, nao ndio huitengeneza, kisha ikasafishwa. Tuliingoja miezi mitatu. Kiasi chenyewe ni mikrogramu 10 tu, tone dogo kuliko punje ya dengu.

Kichupa kilisafiri ndani ya barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Barafu hii haiachi maji, hugeuka hewa ikatoweka. Mzigo ulitua Alhamisi, karatasi zote zikiwa kamili. Ijumaa ajenti wetu akaambiwa mwenye kutia sahihi ametoka. Jumatatu nilipofungua boksi sikukuta hata chembe ya barafu. Nilikishika kichupa kwa vidole vitupu, hakikuwa na ubaridi wowote. Tuliijaribu hata hivyo. Haikushika DNA, na kushika DNA ndiyo kazi yake.

PAX6 ni kama nyapara wa ujenzi wa jicho. Mwaka 1995 Walter Gehring na wenzake huko Basel, Uswisi, waliiwasha jeni ya aina hiyo mahali pasipo pake katika mwili wa nzi; macho yakaota miguuni na kwenye mabawa! Kwa binadamu, nakala moja ya jeni hiyo ikiharibika, mtoto huweza kuzaliwa bila ule mduara wa rangi unaozunguka mboni. Jirani yangu ana mtoto wa namna hiyo. Jua la saa sita likiwaka, hujifunika uso kwa leso ya mamake na kutembea akiwa ameshika sketi yake.

Maua yetu yaendayo Ulaya yana vyumba vya baridi, na watu wa kuyashughulikia usiku kucha. Basi mzigo wenye alama ya barafu kavu nao utolewe siku unapotua, na wikendi awepo ofisa mwenye mamlaka ya kutia sahihi.

Tumeagiza kichupa kingine. Ajenti wetu ameshaniuliza kitatua siku gani ya juma.

Fundi wa maabara,
South B, Nairobi