YAH: Malalamiko kuhusu msaada wa kazi za nyumbani za Kiingereza

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Binti yangu anasoma na mwalimu wenu mtandaoni mara mbili kwa wiki, huu mwezi wa tatu, na ada nimeilipa yote. Daftari lake la kazi za nyumbani limejaa vyema. Mtihani wa darasani, ambako simu hairuhusiwi, ameambulia 31 kati ya 100.

Nilimuuliza kwa nini kwenye daftari aliandika "I have lost my key" na si "I lost my key". Akanijibu, "Mwalimu ndiye kaniambia." Nikafungua kumbukumbu za vipindi kwenye programu yenu. Mtoto anatuma picha ya swali, mwalimu anatuma jibu, mtoto ananakili. Kipindi cha saa nzima kimekwisha kwa dakika 12!

Swali lenyewe lilikuwa na pa kuanzia. Mtoto anajua "nimepoteza" na "nilipoteza" tangu hajaanza shule. Mwalimu angeanzia hapo, kisha amwonyeshe njia zinapoachana: sisi husema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka, lakini "I have arrived yesterday" Kiingereza hakiikubali. Maelezo ya dakika tano tu. Hayakutolewa.

Kuna mahali ni pabaya zaidi. Binti yangu aliandika "a university", akawa sahihi. Mwalimu akamrekebisha kuwa "an university", eti kwa sababu neno linaanza na irabu. Kinachoangaliwa ni sauti, si herufi: "university" hutamkwa kwa kuanzia na sauti ya y, ndiyo maana ni "a"; na husemwa "an hour" kwa kuwa h yake haitamkwi. Mimi si mwalimu, na hili nalijua.

Kwenye ufahamu, waliulizwa kwa nini mzee katika kifungu alikataa kufungua mlango. Sababu haikuandikwa popote; ilitakiwa kung'amuliwa kutokana na maneno na vitendo vyake. Mwalimu alituma sentensi moja ya jibu, bila hata kumuuliza mtoto ni mstari gani unaomdokezea. Mazoezi ya kuzungumza, mliyoahidi kila kipindi, sikuyakuta. Wanaandikiana tu.

Majibu angeweza kuyanakili kwa mwenzake bure. Naomba mtu wenu mwenye ujuzi apitie kumbukumbu hizo, binti yangu apewe mwalimu mwingine, na vipindi vilivyokatizwa virudiwe au nirudishiwe fedha zake. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Nimeambatisha picha za kurasa husika. Kipindi kijacho ni Jumatano. Nimemwambia asiingie mpaka nisikie kutoka kwenu.

Wenu,
Mzazi wa mwanafunzi