Gome la muiri lichunwe mashambani, si msituni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mti wa muiri, ambao Wakalenjin huuita tendwet, Wachaga mkondekonde, na ambao jina lake la kisayansi ni Prunus africana. Ni mti wa misitu ya milimani. Hapa kwetu unapatikana Mlima Kenya, Nyandarua, Mau na Elgon. Nje ya Kenya umeenea kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na pia Kameruni na Madagaska. Kwa vizazi vingi watu wa milimani wamechemsha gome lake kutibu maumivu ya tumbo na homa.

Mahitaji ya nyumbani pekee hayakuufikisha mti huu ulipo leo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa itokanayo na gome hilo, inayotumiwa na wanaume ambao tezi dume yao imevimba bila ya kuwa na saratani, na tangu hapo magome yamekuwa yakisafirishwa kwenda Ulaya kwa tani na tani. Huko Kameruni na Madagaska wachumaji walichuna shina zima, na mahali pengine wakaangusha mti ili wafikie magome ya juu. Mwaka 1995 muiri uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, yaani nchi haipaswi kuruhusu magome yauzwe nje kabla ya kuthibitisha kwamba uvunaji hauhatarishi uhai wa mti huo porini. Miaka mitatu baadaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, liliuweka katika Orodha Nyekundu, kwenye daraja la chini kati ya madaraja matatu ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Kuna wanaosikia maneno “daraja la chini” wakatulia. Ningewasihi wasitulie, kwa sababu daraja hilo ni la mti mzima barani Afrika, wala halisemi lolote kuhusu msitu mmoja mmoja. Muiri unaweza kuhesabika kuwa upo nchini huku katika bonde fulani miti mikubwa inayozaa imekwisha, na mbegu haitatoka mbali kuja kuziba pengo hilo, kwa kuwa husambazwa na ndege na nyani wanaokula matunda yake, nao pia wanazidi kupungua pale msitu unapokatwa vipande vipande.

Nimefanya kazi ya kitalu kwa muda mrefu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na jambo linalonisumbua zaidi ni hili la mbegu. Mbegu ya muiri haiwekwi ghalani kama mahindi. Ikikauka sana au ikikaa, haioti. Inabidi iokotwe ikiwa mbivu, isafishwe nyama yake na kupandwa mapema. Kwa hiyo mti mkubwa unapokufa kwa kuchunwa, mwenye kitalu hupoteza chanzo cha mbegu ambacho hakuna hifadhi yoyote itakayomrudishia.

Kuchuna gome hakulazimiki kuua. Mti uliofikisha unene wa kutosha ukichunwa pande mbili tu zinazokabiliana, bila kukwangua utando mbichi ulio chini ya gome, sehemu zilizobaki huendelea kupeleka chakula mizizini na jeraha hufunikwa na gome jipya baada ya miaka kadhaa. Ukichunwa kwa kuzunguka, mti huo umekufa hata kama majani bado ni mabichi. Tatizo ni kwamba mchumaji anayeingia msituni usiku bila kibali hana sababu ya kuacha nusu ya gome kwa ajili ya mwenzake wa kesho.

Ndiyo maana naona jibu liko shambani. Muiri hukua vizuri kwenye mipaka ya mashamba ya nyanda za juu, hutoa mbao na kuni, na mkulima anayejua kwamba mti ni wake atauchuna kwa uangalifu. Lakini mkulima huyo leo anaogopa, na haki anayo, kwamba akikutwa na gunia la magome ataambiwa ameyaiba msituni. CITES huitofautisha mimea iliyopandwa na ile ya porini, ila tofauti hiyo inahitaji ushahidi.

Ninaiomba Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), pamoja na serikali za kaunti zinazopakana na misitu ya milimani, zifungue daftari la miti ya muiri iliyopandwa mashambani, likionyesha mwenye shamba, mwaka wa kupanda na kitalu ambako miche ilitoka, na kibali cha kuuza magome kitolewe kwa kufuata daftari hilo. Wauzaji wa mitishamba mijini nao watakiwe kuonyesha walikopata magome yao, maana CITES inasimamia mipakani tu na haimgusi anayeuza sokoni hapa nyumbani. Hadi daftari hilo liwepo, uchunaji wa muiri ndani ya misitu ya serikali usimamishwe kabisa, na miti mikubwa iliyobaki ihesabiwe na kulindwa kama vyanzo vya mbegu.

Mwenye kitalu cha miche,
Nyeri