Aliyenunua gari atuoneshe pa kulilaza

Mhariri,

Gazeti hili nalisoma tangu nikiwa kazini, na sasa nimestaafu bila kuwahi kuwaandikia. Ila taarifa yenu ya juzi kuhusu magari yanayolala nje huku mitaani imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alihangaika na jambo moja tu, wizi wa saiti mira, taa na kontroli boksi, akamaliza kwa kupendekeza walinzi waongezwe na taa zifungwe barabarani. Yaani aliyeonewa huruma ni gari. Sisi ambao nyumba zetu zimezingirwa na magari hayo hatukuulizwa hata neno moja.

Ninaishi Sinza, mtaa wa ndani, si mbali na Barabara ya Shekilango. Viwanja vya huku vilipimwa miaka ya 1970, katika ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Vilikusudiwa kwa wananchi wa kipato cha chini. Mwenye gari enzi hizo alikuwa wa kuhesabika, na njia zikakatwa kulingana na hali hiyo. Leo njia ni zile zile na upana ni ule ule, lakini ikifika saa nne usiku magari yamejipanga huku na huku, na nafasi inayobaki katikati inamtosha mwenye bodaboda.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimechachamaa, mama yangu mzazi alizidiwa usiku wa manane. Ni bibi aliyevuka miaka themanini, presha anayo siku nyingi, na usiku ule tuliona mdomo unakwenda upande na mkono umelegea. Kijana wangu akawasha gari, mimi nikakimbilia geti. Nje kulikuwa na Noah imeziba geti lote, bampa karibu iguse nguzo. Niliipiga teke mpaka alamu ikalia. Mbwa wakabweka mtaa mzima, majirani wakatoka na tochi za simu, mwenye gari hakuonekana. Tukaita bajaji, nayo ikakwama kona ya juu kwa sababu kulikuwa na Fuso imepaki tairi mbili mtaroni na mbili barabarani. Mwishowe vijana wa jirani, Mungu awabariki, walimkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kanga kiunoni asianguke, wakakiinua wanne huku mjukuu akimshikia mwavuli. Walipita naye kiubavuubavu kati ya magari hadi Shekilango. Hospitali tulikuta mguu wake umechanwa na kibao cha namba cha gari mojawapo. Mama yuko hai, tunashukuru, lakini mkono wa kushoto haujarudi, na daktari alitueleza wazi kwamba ugonjwa wa kiharusi hautaki kuchelewa. Muda wote tuliochelewa tuliupotezea getini kwetu wenyewe!

Mwenye Noah alikuja asubuhi jua likiwa limeshatoka, ananing'iniza funguo kidoleni. Kumbe anakaa mtaa wa pili. Analipaki kwangu kwa sababu taa ya geti langu inawaka usiku kucha, taa ninayoilipia mimi kwa LUKU. Nilipomweleza yaliyotokea alinijibu kwamba barabara ni ya serikali. Hakuuliza hata mgonjwa anaendeleaje. Nikaenda kulalamika, ofisi ya kwanza ikanielekeza ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, mwisho nikaambiwa tuongee kijirani tuyamalize.

Hivi ikitokea moto itakuwaje? Tumefundishwa kupiga 114, na nina imani Zimamoto watakuja. Watapitia wapi? Lile gari kubwa lenye maji haliwezi kupita mahali ambapo bajaji imeshindwa.

Na si magari yenyewe tu. Nyumba za zamani zinavunjwa, yanapanda maghorofa ya familia nane, kumi. Unasikia kwamba maegesho yatakuwa chini. Jengo likishakwisha, pale chini pamegeuka fremu: saluni, duka la vipodozi, wakala wa kutuma pesa. Wapangaji wanane wenye magari wanalaza wapi? Mbele ya geti la mzee aliyejenga nyumba ya chini. Halafu kuna gereji bubu, ambazo fundi anachukua kipande cha barabara kama amerithi, gari limewekwa juu ya mawe halina injini, miezi inapita, nyasi zinaota chini yake, oili chafu inatiririka mtaroni. Mifuniko ya zege imevunjwa na magari mazito, mtoto wa jirani ametumbukia humo na sare zake za shule. Gari la taka linafika kona ya juu linapiga honi na kuondoka, kwa hiyo viroba vinakaa nje mpaka vinatoa funza.

Mimi si adui wa magari, nami ninalo, na linalala ndani. Ninachodai ni kwamba anayenunua gari aoneshe kwanza pa kulilaza. Hili halikubuniwa na mimi. Magari mengi tunayoendesha yametumika Japani kabla ya kuja kwetu, na kule tangu mwaka 1962 kuna sheria ya jambo hili. Mnunuzi anapeleka polisi uthibitisho kwamba ana maegesho yasiyozidi kilomita mbili kutoka nyumbani, na kuigeuza barabara kuwa kituo cha kulalia ni kosa. Tazameni kioo cha nyuma cha magari yaliyotoka huko, mengine bado yana kibandiko kidogo cha duara chenye maandishi ya Kijapani. Kile kilitolewa baada ya mwenye gari wa kwanza kuthibitisha mahali pa kulilaza. Tumeleta gari na kibandiko chake, utaratibu wake tumeuacha bandarini.

Basi TRA wasitoe namba ya gari mpaka mnunuzi alete karatasi ya mtendaji wa mtaa aliyekwenda kupaona mahali hapo kwa macho yake. Kwa waliokwisha kununua, kila mtaa uchague upande mmoja tu wa kupaki usiku, ule usio na mtaro, uchorwe mistari myeupe, na kila geti liachiwe mita tatu kushoto na kulia. Ruhusa ianze saa nne usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, kwa kibandiko cha mtaa kinacholipiwa kila mwaka, na fedha hiyo inunue mifuniko ya mitaro. Atakayekosa nafasi aongee na wenye yadi, vituo vya mafuta, makanisa na misikiti yenye viwanja vinavyokaa wazi usiku, alipie kulaza hapo. Atakayeziba geti la mtu avutwe na bredauni usiku huo huo, gharama juu yake. Na TARURA, ambao barabara hizi za mitaa ziko mikononi mwao tangu 2017, watuambie hadharani namba ya kupiga saa nane za usiku.

Manispaa ya Ubungo ikitaka mtaa wa kufanyia majaribio, uchukuliwe wetu. Tumeshakubaliana majirani kuchanga rangi ya mistari. Na mwandishi wenu namkaribisha Ijumaa usiku, aje na futi ya fundi, apime mwenyewe nafasi iliyobaki kati ya gari na gari, kisha aandike upya ile taarifa.

Mkazi wa Sinza,
Dar es Salaam